Siku Nane Kumfuata Kanga Mdogo wa Ukutani

Jumapili

Basi la Tanga lilinishusha Muheza saa nne asubuhi. Machungwa yalikuwa yamepangwa kwa mafungu kandokando ya stendi, nikanunua fungu moja la kupandia mlima. Kutoka hapa hadi Amani ni kama kilomita 35 za vumbi na mawe, nami nilikuwa na mzigo ambao sikutaka urushwerushwe: kamera, lenzi ya makro ya milimita 100 ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, flashi mbili na betri za wiki nzima. Niliupakata mkoba njia yote.

Ninachokifuata ni mdudu mmoja. Mwaka jana, Februari kama hii, nilikuwa chini ya milima hii ya Usambara Mashariki nikimvizia kipepeo kwenye kichaka cha kivumbasi, akapita nyuki ambaye sikuwahi kumwona. Mweusi tii, na juu ya weusi ule madoa ya buluu ya anga yamepangwa ubavuni, kulia na kushoto, mpaka mwisho wa tumbo. Alielea mbele ya ua kwa muda wa kuhesabu moja, mbili, kisha hayupo. Nilibonyeza mara moja. Picha ilitoka na ua peke yake.

Tangu siku ile nimesoma kila nilichoweza kukipata juu yake. Wataalamu wanamweka katika jenasi ya Thyreus, na ndugu zake wametapakaa Afrika, Asia, Australia na kusini mwa Ulaya. Hana kiota. Hana hata vinyweleo vya kubebea chavua, kwa sababu hana mtoto wa kumlisha kwa mikono yake. Jike hungoja nyuki mwingine achimbe shimo, alijaze chakula na kutaga, kisha huingia kwa siri na kuacha yai lake humo, kama afanyavyo kekeo katika viota vya ndege wenzake. Buu lake likianguliwa huwa na mataya yaliyopinda kama mundu. Huliangamiza yai au buu la mwenye nyumba, likabaki na chakula chote.

Mwenye nyumba mwenyewe, mara nyingi, ni nyuki wa jenasi ya Amegilla: mnene, mwenye manyoya kifuani na mistari tumboni, anayeruka kwa mikato ya ghafla. Basi nikajiambia, mwaka huu simtafuti mgeni. Namtafuta mwenyeji.

Jumatatu

Amani iko mita 900 hivi juu ya usawa wa bahari, na asubuhi ukungu ulikuwa umelala juu ya miti kiasi kwamba nilisikia mbega wakinguruma bila kumwona hata mmoja. Nyuki hawaamki katika hali hii. Nilizunguka kati ya miti mikubwa iliyoachwa na Wajerumani, ambao mwaka 1902 walianzisha hapa taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo na kuleta miche kutoka pembe nyingi za dunia. Miti ile sasa ni mirefu kuliko majengo yote.

Jua lilitoka saa nne. Saa nne na nusu nilikuwa mbele ya kivumbasi kando ya bustani ya mboga, na wale wa mistari wakaja. Unawasikia kwanza. Mlio wao ni mwembamba na wa juu, tofauti na ule wa nyuki wa asali. Anatokea, anasimama hewani mbele ya ua akiwa amekwisha kunyosha ulimi wake mrefu, ananyonya, anahamia jingine, yote kabla kamera haijamaliza kutafuta fokasi.

Kwenye mabilinganya nikaona kitu kilichonifanya nishushe kamera. Nyuki alilikumbatia ua, akakunja mabawa, halafu mlio ukabadilika ghafla, ukawa mkali kama wa mashine ndogo ya kushonea. Anatikisa misuli ya kifua bila kupiga mabawa, na chavua inamwagika kutoka vitundu vya ncha za ua kama unga kwenye chekeche. Nyanya na bilinganya zinataka mtikiso huo ili chavua itoke vizuri, na nyuki wa asali hajui kuufanya. Mama mwenye bustani alikuwa akipalilia. Nilipomwonyesha akaniambia alidhani wadudu wale wanatoboa maua yake. Tulikaa pamoja tukiangalia hadi ua la kumi hivi.

Picha za leo ni mbovu. Nilitumia mwanga wa jua na kasi ya shata, yaani mlango wa mwanga wa kamera, ya 1/2000 ya sekunde, nikiamini inatosha. Nyuki wa asali hupiga mabawa mara 230 hivi kwa sekunde, na katika 1/2000 ya sekunde bawa limekwisha kusafiri sehemu ya kuonekana. Mwili uko wazi kiasi, ila mabawa ni moshi. Mimi nataka mishipa ya bawa ihesabike.

Mwenye madoa hakuonekana.

Jumanne

Niliteremka na kijana wa kuongoza wageni hadi Sigi, kwa kuwa huko chini kuna joto zaidi. Njiani alinipitisha kwenye jiwe lenye unyevu karibu na kijito, akaniinamisha nione: majani ya manyoya, maua mawili ya zambarau, katikati vijifuko viwili vya njano. Ndilo ua ambalo Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya ya Tanga enzi za Wajerumani, alilipeleka kwao mwaka 1892, na mwaka uliofuata likapewa jina la Saintpaulia. Leo linakaa madirishani mwa watu dunia nzima, wengi wao wasijue Tanga iko wapi. Halina mbochi. Chavua yake nayo imefungiwa ndani ya vijifuko vile, inamngoja nyuki wa kutikisa.

Nilimweleza kijana ninachotafuta: mashimo mengi madogo kwenye udongo mkavu, mahali pasiponyeshewa. Akafikiri kidogo, akasema, "Kama ni mashimo, twende kwa bibi. Jiko lake limekuwa kama chujio."

Nyumba iko kwenye kijiji cha bondeni, karafuu upande mmoja, migomba upande wa pili. Tulibisha hodi. Bibi alikuwa anachambua kisamvu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Karibuni. Huyo na mzigo wote huo, anapima barabara?"

Kijana akamweleza. Bibi akaniangalia muda, akainuka bila neno, akatupeleka nyuma ya banda la jiko. Ukuta wa fito na udongo mwekundu, umezeeka, umekingwa na paa lililoshuka hadi karibu na kichwa changu. Kutoka usawa wa goti hadi usawa wa bega ulikuwa umetobolewa mashimo ya upana wa penseli, na mbele ya mashimo nyuki wa mistari walikuwa wakiingia na kutoka, miguu imejaa chavua ya njano. Kila mmoja na shimo lake. Hawana malkia hawa, wala mzinga, wala asali ya kurina. Ni majirani tu, kila mama na mlango wake. Nilihesabu mashimo 60 nikaacha.

Nikamuuliza bibi kama amewahi kumwona mmoja mweusi, mwenye madoa ya buluu.

"Yule kanga?" akasema. "Huyo anakuja jua likipanda. Yeye hana shimo. Anapita mlango kwa mlango kama mtu anayedai."

Kanga, ndege wa madoa. Mwaka mzima nilikuwa nikimfananisha na hiki na kile, na jina lenyewe lilikuwa hapa nyuma ya jiko.

Jumatano

Nilifika saa mbili na nusu. Bibi alinipa kigoda na chai ya iliki, nikakaa mita moja kutoka ukutani, nikaanza kujifunza ratiba ya wenyeji. Anayetoka huondoka bila kuangalia nyuma. Anayerudi na mzigo husimama hewani mbele ya tundu lake kitambo kidogo, hujiweka sawa, kisha huingia. Shimo lililomalizwa huzibwa kwa udongo uliolowanishwa, na ndani yake kuna vyumba vidogo vilivyopakwa kitu laini kama nta, kila chumba kimoja yai moja juu ya uji wa chavua na mbochi.

Saa nne na dakika arobaini akaja.

Hakuja kwa kelele. Nilichoona kwanza ni kivuli kidogo kikitambaa juu ya udongo, nikafuata kivuli nikamkuta. Urefu wake ni sentimita moja na kidogo. Mabawa yana rangi ya moshi. Anaruka polepole kuliko wenyeji, sambamba na ukuta, na kila shimo anasimama, anaelea, uso kwa tundu, kama sekunde moja. Shimo lenye mtu ndani analiacha. Katika shimo la nne alitua, akaingiza papasi, akatoka, akaenda kukaa kwenye bua kavu pembeni. Mwenye shimo alikuwa njiani anarudi. Kanga alimwona akiingia, akamngoja atoke tena, na vumbi la mlangoni halijatulia akawa amekwisha kuingia yeye. Nilitazama saa: alikaa ndani chini ya dakika mbili.

Sikuwa nimempiga hata picha moja. Vidole vilikuwa kwenye kitufe lakini macho yaligoma kwenda kwenye kamera.

Aliporudi saa tano nilikuwa tayari, nikapiga picha 412 hadi saa saba. Jioni nimezipitia zote. Nilikuwa nimewasha flashi mbili, moja kila upande, nimezifunika kwa plastiki nyeupe ya chupa ya maziwa ili mwanga usiwe mkali, lakini jua lilikuwa limeupiga ukuta. Nyuki akawa ametoka mara mbili katika picha moja: mara ya kwanza wazi kwa mwako wa flashi, mara ya pili kama mzuka, kwa mwanga wa jua ulioendelea kuingia shata ikiwa wazi. Kamera yangu haikubali flashi ya kawaida juu ya 1/200 ya sekunde. Kwa kasi hiyo, anayenigandishia mdudu ni mwako wenyewe. Flashi ikishushwa hadi 1/16 ya nguvu yake, mwako hudumu kama 1/10000 ya sekunde, na hapo bawa linasimama. Sharti ni moja tu, jua lisiwepo kwenye picha.

Nahitaji kivuli, na nyuki wanahitaji jua.

Alhamisi

Mvua. Ilianza alfajiri, ikaacha saa tisa. Nyuki hawakutoka kabisa. Nikitazama ndani ya mashimo kwa tochi niliona nyuso chache zimekaa mlangoni zikingoja kama mimi.

Nilikula bada na kisamvu kwa bibi. Mwanawe mkubwa alikuwepo, naye akaniambia saruji ya kupiga lipu jiko hilo imekwisha kununuliwa, mifuko minne iko ndani. Ukuta unamwaga udongo kila mwaka, akasema, na mama anazeeka, hawezi kukandika tena. Ni kweli tupu. Nilimeza nilichotaka kusema, nikamuuliza watapiga lini. "Mafundi wakipatikana."

Ijumaa

Bibi ndiye aliyetatua jambo la kivuli. Alinisikia nikimweleza kijana, akaingia ndani, akatoka na kanga yake ya zamani, nyekundu iliyopauka, akasema tuitundike kwenye miti miwili mbele ya sehemu ndogo ya ukuta, jua lisipite hapo tu. Tukatundika kwa juu, tukaacha nafasi chini ya nyuki kupita.

Sikutegemea kilichofuata. Waliokuwa wakirudi walikataa kuingia. Nyuki hawa hujua mlango kwa alama zilizouzunguka, na sisi tulikuwa tumebadilisha sura ya mtaa. Walisimama hewani, wakarudi nyuma, wakapiga nusu duara pana, nusu duara ndogo, wakalitazama tundu kutoka kulia, kutoka kushoto, miguu imejaa chavua. Nilikaribia kuishusha kanga. Baada ya dakika ishirini na tano mmoja akaingia, kisha wa pili, na ilipofika saa tano mtaa ulikuwa umerudi kazini kama jana. Waliokuwa wakitoka kwa mara ya kwanza nao waligeuka mlangoni, wakalitazama shimo lao kwa mizunguko midogo kabla ya kwenda. Wanajifunza njia ya kurudi.

Kanga hakuja kwenye kivuli. Alifanya upande wa jua tu.

Jioni nikabaki kutazama wanapolala. Saa kumi na mbili kasorobo, kwenye mabua makavu ya kivumbasi nyuma ya choo, madume ya wale wa mistari walianza kuwasili mmojammoja, wakisukumana kidogo kupata nafasi. Dume halina chumba ukutani. Hulala nje, ameuma bua kwa mataya, miguu ameikunja, mwili umening'inia hewani usiku kucha. Nilihesabu kumi na moja kwenye bua moja, wamejipanga kama shanga. Na kwenye bua la pembeni, peke yake, ameuma ncha: kanga. Mwanga wa mwisho ulikuwa ukimpiga ubavuni, nikaona kwamba buluu ile si ya ngozi yake. Ni vinyweleo vifupi vilivyolala chapa, vimekusanyika doa kwa doa juu ya mwili mweusi. Ningeweza kumpiga picha kwa sentimita kumi, amelala, kila doa wazi. Nilimpiga moja bila flashi, nikamwacha. Aliyelala si niliyemfuata.

Jumamosi

Saa kumi na mbili na nusu nilikuwa mbele ya lile bua, flashi tayari, nikingoja aamke. Umande ulikuwa juu ya mgongo wake. Saa mbili na robo jua lilimfikia. Alianza kwa papasi, akazipangusa kwa miguu ya mbele, kisha akafungua mataya, akasimama kwa miguu, tumbo likawa linahema. Nilijua mwelekeo atakaoondokea kwa sababu kichwa kilielekea kule. Akaondokea nyuma. Picha tisa za bua tupu.

Nikaenda ukutani. Kanga ya bibi nilikuwa nimeiacha mahali pake usiku kucha ili wenyeji waizoee, na asubuhi hii hakuna aliyesita. Nilichagua mashimo matatu yaliyo karibu, ambayo wenye nayo walikuwa katikati ya kazi, kwa kuwa shimo lililozibwa halimfai na shimo lililo tupu halimfai pia. Nikazima fokasi ya kamera, nikaiweka kwa mkono: nilisimamisha bua la nyasi sentimita tatu mbele ya tundu la katikati, nikafokasi kwenye bua, nikaliondoa. Kwa f/16, yaani tundu la lenzi likiwa limebanwa sana, na kwa ukaribu ule, sehemu inayotoka wazi ina kina cha milimita sita tu. Anayeelea mbele kidogo au nyuma kidogo ya hapo anapotea.

Na hapa ndipo ukuta ulipokuwa na faida ambayo sikuifikiria. Mdudu anayepigwa flashi uwanjani, nyuma yake hutoka giza, kama karukia usiku wa manane. Hapa udongo ulikuwa sentimita chache nyuma yake, ukaushika mwanga na kuurudisha mwekundu. Mweusi wake ukapata mahali pa kuonekana.

Saa nne na dakika ishirini alipita upande wa jua. Saa nne na nusu akapita tena, akakaribia ukingo wa kivuli, akarudi. Bibi alikuwa ameketi nyuma yangu akipepeta mchele, akaacha kupepeta. Saa tano kasoro dakika sita mwenye shimo la katikati aliondoka, na kanga akaingia chini ya nguo bila kusita, akasimama hewani pale pale bua lilipokuwa.

Nilibonyeza mara tatu. Flashi hazikuweza zaidi ya hapo.

Picha ya kwanza iko mbele mno. Ya tatu amekwisha kugusa ukuta. Ya pili mabawa yako juu, yote manne, mishipa inahesabika, miguu ya nyuma imening'inia, papasi zimeelekea tunduni, na madoa ya ubavu yako pale doa kwa doa, buluu juu ya weusi juu ya wekundu wa udongo. Doa la mwisho, karibu na ncha ya tumbo, limefifia kidogo. Sijali. Mikono ilinitetemeka hata nikashindwa kukuza picha kwenye kioo, kijana akanisaidia.

Tulipoinua vichwa, mwenye shimo alikuwa amerudi. Kanga alikuwa amekwisha kutoka. Mwenyeji aliingia na mzigo wake, akaendelea kulisha.

Jumapili

Nimekwenda kuaga. Bibi alivaa miwani, nikamwekea picha kwenye kioo cha kamera, nikaikuza. Aliitazama muda mrefu. Akauliza kama buu la yule wa mistari litakuwa limekufa sasa. Nikamwambia, huenda, kwenye chumba kimoja, na vyumba vingine vimo. "Na huyu naye ana wanawe," akasema. Ukuta ukiondoka, nikamweleza, wataondoka wote wawili, kwa maana kanga hawezi kuishi mahali ambapo wa mistari hayupo.

Mwanawe alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Nilimwomba, kama inawezekana, lipu ipigwe ndani na pande tatu, huu wa nyuma ulio chini ya paa ubaki. Alisema atazungumza na fundi. Sikumbana zaidi. Nyumba ni yao.

Nilimuuliza bibi anataka nimsafishie picha ipi nikifika mjini. Nilitegemea achague ile ya pili.

"Huyo ni wako," akasema. "Mimi nipige nikiwa na ukuta wangu, na uonekane wote."

Nikafungua mkoba, nikatoa lenzi ya makro, nikavisha ile ya kawaida. Bibi alitandua kanga yake kutoka mitini, akajifunga, akasimama kando ya mashimo. Ilibidi tungoje kidogo, kwa sababu nguo ilipoondoka wenyeji walipotea tena njia, wakawa wanazunguka mbele ya uso wake. Yeye hakuinua mkono kuwafukuza. Alisubiri mpaka wa mwisho alipoingia.